Spika za Rafuni kwa Ajili ya Jirani

Sisi watu wa Kyoto hatugombani na jirani. Tunamsifu. Mtoto wa jirani akigonga piano mpaka kichwa kikuume, huendi kumwambia apunguze. Unamvizia mama yake akifagia mlangoni, unamwambia kwa tabasamu, "Binti yako ameendelea kweli kwenye piano!" Mwenye akili anaelewa, anafunga madirisha. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua, na mjini kwetu hakuna aibu kama kuonekana wewe ndiye yule mjinga. Mama yangu, Fusae, kalelewa hivyo, nami kanilea hivyo hivyo, na leo nasimulia uso umenishuka.

Baba yangu, Kiyotaka, kafanya kazi maisha yake yote kwenye mashine za kufumia hariri kule Nishijin. Zile mashine zimemla masikio. Ndege hawasikii, simu haisikii, mama akimtuma dukani ndiyo kabisa, ingawa mama anasema hilo la tatu ni ujanja mtupu. Sauti nene lakini anazipata. Lori likipita, ngoma ya hekaluni ikipigwa, anageuza shingo kabla yetu. Basi alipostaafu akasema anataka kitu kimoja tu, spika nzuri, azisikilize santuri zake za selo, ile fidla kubwa ya sauti nene, kabla masikio hayajafunga duka.

Tukaenda Teramachi, kwenye duka la vyombo vya muziki, wote watatu. Muuzaji, bwana mmoja mwenye maneno mengi aitwaye Wakisaka, akauliza chumba chetu kina ukubwa gani. Baba akamwambia mikeka minane, maana kwetu chumba hupimwa kwa mikeka ya sakafuni.

"Basi mzee, chukua hizi za rafuni," akasema Wakisaka. "Ndogo, safi, unaziweka juu ya vigoda vyake, umemaliza. Hizo za kusimama ni za wenye kumbi."

"Wewe unaniuzia au unanifukuza?" baba akamuuliza. Mama akamvuta shati.

Zikawashwa zile ndogo. Mimi nilizipenda, sitaki kusema uongo. Kila uzi wa selo ulisikika. Baba alikunja uso kama mtu anayesoma gazeti bila miwani. Kisha Wakisaka, kwa kutaka kumridhisha tu, akawasha zile za kusimama, ndefu mpaka kifuani kwangu. Selo ikashuka chini, ikaingia sakafuni, ikatupanda miguuni. Baba akaweka kiganja ubavuni mwa spika.

"Huyu hapa," akasema. "Huyu ananifikia."

Wakisaka akaona samaki kashika chambo. Akasema tuzichukue tukazijaribu nyumbani kwanza, kwa sababu sauti ya dukani si sauti ya nyumbani, na tukizipenda tuseme upesi, maana ndiyo jozi ya mwisho na kuna bwana wa Osaka anazimezea mate.

Nyumba yetu ni ile ya zamani, nyembamba na ndefu, ukuta wa udongo tumechangia na jirani. Upande wa pili wanakaa akina Nagatomo, mume na mke, wazee waliohamia kutoka Miyazaki, kusini kabisa. Mume alikuwa mgonjwa wa kitandani. Mkewe tulikuwa tukisalimiana naye tu, hali ya hewa, maua, basi.

Jioni zile baba alikaa peku mbele ya spika zake, kafumba macho. Siku moja akalia.

"Mzee mzima, unalia kama bibi harusi!" mama akamcheka. Akaenda jikoni kumletea chai, na mimi nikaona na yeye anajifuta macho.

Asubuhi moja mama alikuwa anafagia nje, Mama Nagatomo akatoka kumwagilia maua yake. Nilikuwa mlangoni, nilisikia neno kwa neno. "Mama Madoka," akasema, akimwita kwa jina langu, "huo muziki wenu wa jioni, mzuri jamani! Sisi huku tunausikia wote, mpaka mwisho."

Mama aliinama, akashukuru, akaingia ndani na fagio mkononi, akakaa chini palepale.

"Tumeumbuka," akasema. "Umemsikia? *Wote, mpaka mwisho!* Lo, kanichoma huku anacheka."

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikachochea. "Tena mna mgonjwa mle ndani, mama. Atakuwa halali yule mzee."

"Ee, mgonjwa! Tumesahau kabisa kama mna mgonjwa!"

Baba alipoelezwa, tena kwa kupigiwa kelele sikioni, akasema, "Labda kapenda kweli."

"Kapenda! Kiyotaka, wewe umezaliwa mji gani?"

Siku hiyo hiyo mama akanunua boksi la keki za maharage, zile nzito za kuombea radhi, tukaenda kupiga hodi kwa jirani. Tukainama mpaka migongo ikauma. Mama Nagatomo akabaki ameshika boksi, anatutazama.

"Radhi ya nini tena? Mmenikosea nini?"

Mama akarudia kuinama. Tulipotoka akaninong'oneza, kwa sauti ya mtu anayemvulia kofia adui, "Umeona ustadi huo? Mtu wa kuja, lakini kutukubalia kwamba kakasirika, wapi!"

Nikasema kweli, ni stadi. Mungu anisamehe.

Baba alijaribu kujitetea. Akasema abaki na za kusimama, atapunguza sauti. Mama akamjibu jambo ambalo nilidhani ni busara, na leo nikilikumbuka nataka kujificha chini ya mkeka. "Ukipunguza, husikii. Ukiongeza, anasikia jirani. Chagua mwenyewe, masikio yako au uso wangu."

Tulizirudisha Teramachi, baba akasimama mbele ya Wakisaka na kofia mkononi. "Nipe hizo ndogo," akasema.

"Uamuzi wa busara, mzee," akasema Wakisaka, na tayari alikuwa anampigia simu bwana wa Osaka.

Zile za rafuni zikapangwa juu ya vigoda vyake. Nzuri za kutazama. Mwanzoni baba alisogeza mto wake karibu nazo, kisha karibu zaidi, mpaka akawa anasikiliza sikio limegusa kitambaa. Kisha akaacha. Akawa anatoa santuri kwenye jalada, anaipangusa vumbi, anairudisha. Mama alikuwa akimwona, anaanza kuzungumzia baridi ya mwaka huu. Nami nilimsaidia kuizungumzia hiyo baridi.

Mwishoni mwa baridi hiyo Mzee Nagatomo akafariki. Tukaenda kutoa pole, mama na mimi, tumevaa nyeusi. Marehemu alikuwa amelazwa chumba alichougulia, kile kinachopakana na ukuta wetu, na Mama Nagatomo amekaa kando yake, kichwa kimezama mabegani.

Tulipomaliza kumwombea, akasema, "Mama Madoka, nina ombi, ila naogopa kukuudhi tena."

"Kuniudhi? Wewe? Lini?"

"Ule muziki. Mzee wangu alikuwa anaupenda mno. Chakula kilikuwa kinamshinda, lakini ukianza tu, ananyoosha mkono, anaweka kiganja ukutani, hapa, na mimi namlisha. Alikuwa anakula! Nikasema nije nikwambie, ufurahi. Ukaniletea keki, na muziki ukakoma. Nikajua nimekosea. Labda huku kwenu si adabu kusikiliza cha watu ukutani. Sikuthubutu kuuliza. Mzee nikamwambia mmesafiri. Kila jioni akawa ananiuliza, 'Hawajarudi tu?'"

Mimi nilitazama mikeka. Mama nilimsikia tu anavyohema.

"Sasa wanakuja kumchukua leo," akaendelea Mama Nagatomo. "Mngempigia mara moja tu. Kama zamani."

"Tutampigia," mama akasema, na akatoka mbio, yeye ambaye hajawahi kukimbia na nguo ya heshima mwilini. Kupitia mlango nilimsikia akimpigia baba kelele: selo, ile ile, weka mpaka mwisho wa kitufe! Kisha akarudi, akapiga magoti kando yangu.

Tukangoja. Mama Nagatomo alikuwa ameuchukua mkono wa mumewe, ameuegemeza ukutani.

"Bado hajaanza?" akauliza.

Nilisogeza sikio. Kulikuwa na kitu chembamba mno, kama mbu chumba cha tatu. Ile sauti nene inayopita kwenye udongo haikuwamo. Ilikuwa Osaka.

"Ameanza," mama akasema taratibu.

"Mimi sisikii kitu, Mama Madoka."

Mama akaweka kiganja chake ukutani, karibu na ule mkono wa marehemu. Akakaa nacho hapo. Halafu nikamwona mama yangu, bingwa wa kuzungukazunguka maneno, akitafuta neno la kuzungukia na asilipate.

"Hausikiki," akasema. "Spika zile nilizirudisha. Nilimlazimisha mume wangu. Siku ile uliposifu, nilidhani unatusema."

Mama Nagatomo alimtazama, na sikuona hasira usoni mwake, afadhali ningeiona.

"Nilisema mzuri," akasema, "kwa sababu ulikuwa mzuri."

Aibu niliyoisikia hapo sijui niiweke wapi. Nani alimchochea mlangoni siku ile kama si mimi?

Mlango wa nje ukasukumwa. Alikuwa baba, peku ndani ya ndala, jasho kwenye paji la uso.

"Nimeweka mpaka mwisho," akasema kwa sauti kubwa, ile ya watu wasioisikia sauti yao wenyewe. "Zinafika?"

Mama akasimama, akamfuata mpaka mlangoni. "Hazifiki, Kiyotaka," akasema. "Nimekukosea. Nimewakosea na jirani zetu wote wawili."

Baba akaweka mkono nyuma ya sikio. "Unasemaje?"

Ikabidi mama alirudie, kwa nguvu zake zote, pale mlangoni, na mtaa mzima ukasikia.