Tanuri Nyuma ya Mikoko

Mpima samaki wa bohari alikuwa mjane, na watu walimwita Mama Mizani. Alipofiwa na mumewe, aliyemwezekea nyumba kwa bati alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mchoma mkaa wa mikoko. Hilo hakulisahau.

Miaka ile ya kwanza alipokea kreti arobaini za kambamiti kila asubuhi. Zikawa ishirini, zikawa tisa. Wanawake wamenyaji waliokuwa wakijaza meza nne walibaki watatu, wakipiga soga mbele ya beseni tupu.

Siku moja bwana samaki, afisa wa uvuvi, alileta ndoo ya maji aliyochota kwenye mizizi ya mikoko. Ndani mlirukaruka vidudu vyeupe, vidogo kuliko punje ya mchele.

"Hawa ndio kambamiti wako, mama. Wanalelewa mikokoni, wakikua ndipo wanatoka kwenda baharini. Ukifyeka mikoko, usitegemee kreti."

Mchana huohuo Mama Mizani alimfuata mdogo wake tanurini.

"Mdogo wangu, iache mikoko. Bohari linakufa."

"Dada, samaki wako wako kilindini, mimi niko matopeni. Tumegongana wapi?"

Alimweleza yale ya ndoo. Mdogo wake akafuta jasho. "Sawa. Na wanangu wale nini? Maneno ya bwana samaki?"

Mama Mizani alikwenda kumsihi mara tatu. Mara ya nne alikwenda na bwana misitu, afisa anayekamata wakata mikoko, akasimama kando, akanyoosha kidole. Mdogo wake, masizi hadi kwenye nyusi, alipomwona alitabasamu kwanza. Alidhani amemletea chakula.

Alifungwa mwaka mmoja kwa kukata mikoko. Wifi alifunga virago kurudi kwao na watoto. Mlangoni alisema, "Mchuma janga hula na wa kwao, wifi. Ila hili umelichuma wewe, tunakula sisi."

Miezi mitatu baadaye bohari likafungwa vilevile. Bwana samaki alisema mikoko ingehitaji miaka kumi, pengine zaidi, kusimama tena. Mwenye bohari hakuwa na miaka kumi. Aliing'oa mizani, akaipakia kwenye gari, akaondoka.

Jumamosi Mama Mizani alikwenda gerezani na sabuni na shati. Askari aliingia ndani, akarudi peke yake.

"Anasema hana dada."

"Mwambie nitangoja."

Alikaa kwenye benchi hadi saa za wageni zikaisha. Jumamosi iliyofuata alikwenda tena, akaambiwa yaleyale.