Waya wa Tatu

Ijulikane kwa mataifa yote na vizazi vijavyo kwamba mwaka wa 2006 sayansi ilipata mlinzi mpya: Ngige, wa bweni la pili, Kitale. Silaha yake ilikuwa kichupa cha rangi ya kucha, ile isiyoonekana, alichomwibia dadake Waithera huko Kibomet.

Mlindwa alikuwa Wakhungu, jirani yake wa kitanda. Wakhungu alikuwa ameng'oa mota ndogo isiyo na brashi kwenye kompyuta mbovu, akaiunga nyaya tatu. Kwenye mashindano ya sayansi Bungoma angepima ukinzani wa kila jozi ya nyaya. Vipimo vikilingana, mota ni nzima. Babake, mkulima wa miwa, alikuwa ameshatoa hukumu: akishindwa, shule basi.

"Sasa, profesa wa miwa!" Ngige akamwita nje ya ukumbi.

"Niache bana. Mzee ashafika."

"Basi nikushikie mota, ukafunge tai vizuri."

Wakhungu akashukuru. Ngige akaipaka ncha ya waya wa tatu rangi ile ya kucha, akaipuliza ikakauka.

Ukumbini mzee aliketi mbele, kofia magotini. Wakhungu akagusanisha ncha za mita kwanza, apate ukinzani wa nyaya za mita yenyewe, auondoe. Jozi ya kwanza: omu mbili na nusu. Akasogeza ncha kuelekea waya wa tatu. Ngige akaangua kicheko.

Mita ikaonyesha moja peke yake, pembeni: umeme haupiti. Akarudia. Moja.

"Imekatika ndani," akanong'ona. Mkweli kupita kiasi, akachukua kisu akaipasua mota mbele ya watu atafute mkato. Koili zilikuwa nzima, mpaka kisu kilipozifikia.

"Si nilikwambia?" Mzee akavaa kofia. "Twende. Miwa inangoja."

Wakatoka. Jaji, Bi Chepkemoi, akaukwaruza waya wa tatu kwa ukucha. Kigamba cha rangi kilichozuia umeme kikabanduka.

"Wewe kijana, ulicheka kabla hajaugusa. Ulijuaje?"

"Mimi, madam? Nilikumbuka tu kitu."

"Kitu gani?"

Na hapa msimulizi hana tena pa kujificha. Ngige ni mimi. Nikatoa kichupa mfukoni, nikakiri kila kitu. Majaji wakakimbia hadi langoni. Barabara ilikuwa tupu.