Mlango Unaofungwa kwa Bega

Kituoni walimwita Mpole, na jina lilimkaa sawasawa. Hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Mahabusu wakimwona yuko zamu walishusha pumzi, naye alilijua hilo, akalipenda, tena akalipenda kupita kiasi. Asubuhi hiyo alikuwa uani, nyuma ya kituo, amesimama mstarini na askari wenzake, akiomba kimoyomoyo fundi cherehani ampite.

Fundi mwenyewe alikuwa mama wa makamo mwenye kibanda cha kushonea sokoni. Alikamatwa kwa kushukiwa kwamba vitambaa alivyonunua ni vya wizi. Havikuwa vya wizi. Mwenye duka aliyemuuzia alikuja kwa miguu yake kueleza, akaambiwa asante kwa ushirikiano, kana kwamba alileta mbuzi aliyepotea. Lakini alichelewa. Vidole vya mkono wa kulia wa yule mama vilikuwa vimeshavunjwa kwa rungu juu ya meza ya chumba cha mahojiano, naye amefungwa mtandio wake mwenyewe machoni. Chumba hicho kina mlango uliovimba kwa unyevu, haufungi mpaka mtu ausukume kwa bega.

Aliyeshika rungu ni Sajini. Mpole alikuwamo chumbani, ameegemea mlango, anatazama sakafu. Sajini alipotoka kwenda kunawa, Mpole alimfungua mama wa watu mtandio, akamletea maji. Mkono wa kulia wa mama haukuweza kushika kitu, na wa kushoto ulikuwa umeushikilia, kwa hiyo alimshikia kikombe mdomoni mpaka akamaliza. Tangu siku hiyo kila usingizi ulipomkimbia alijikumbusha kile kikombe, na kikombe kilimsaidia kidogo, halafu kikaacha kumsaidia.

Na Sajini hakuwa mkubwa wake wa kazi tu. Alikuwa amemwoa dada yake.

“Shemeji, mbona unatokwa jasho?” Sajini alimnong’oneza pale mstarini, uso mkavu. “Yule mama hakuona kitu. Atatupita kama nguzo za umeme, sisi tukanywe chai.”

Dada naye alikuwa amepiga simu jana yake. “Mdogo wangu, najua mume wangu ana mkono mwepesi,” alisema, kwa sauti ya mtu anayesema mume wake ana mafua. “Lakini ni baba wa wapwa zako. Nyamaza tu. Nakuomba unyamaze, sikuombi useme uongo.” Kunyamaza ndiyo kazi aliyoijua Mpole kuliko zote.

Mkaguzi aliyetumwa na makao makuu, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, alimleta fundi uani. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Mkaguzi alimweleza taratibu: atembee polepole, asiogope mtu, akimwona anayemtambua amguse begani.

Mama alitembea. Alimtazama kila mmoja kama anayempima suti. Alifika kwa Sajini, akasimama kidogo, akapita. Sajini alimeza mate. Alifika kwa Mpole, akainua mkono wa kushoto, akauweka begani pake.

Mpole alimtupia jicho shemeji yake, akitumaini hata kikohozi, hata neno moja la kusema hapana, si huyu. Sajini alikuwa anatazama ukuta hana hili wala lile. Basi hivyo ndivyo ilivyo, Mpole aliwaza.

“Huyu ndiye aliyekupiga?” Mkaguzi aliuliza.

“Hapana, afande. Aliyenipiga sikumwona. Huyu alinifungua macho, akaninywesha maji. Hakunipa kikombe nishike mwenyewe. Alikuwa anajua mkono wangu umefanywa nini.” Akamgeukia Mpole. “Mwanangu, wewe una utu. Mimi sishoni tena. Waambie ulichokiona.”

Sajini alijichekesha. “Afande, siku hizi hata kumpa mtu maji ni kosa?”

Hakuna aliyecheka naye. Mpole alimfikiria dada yake, akawafikiria wapwa wanaomrukia kila anapoingia pale nyumbani. Kisha akapiga moyo konde.

“Ni Sajini,” alisema. “Shemeji yangu. Alimpiga kwa rungu, mkono ukiwa mezani. Nilikuwepo.”

Fundi hakuwa ameondoa mkono wake. Alilibana bega lile kidogo, kama mama anavyomfanyia mtoto aliyejibu vizuri mbele ya wageni, na macho ya Mpole yakajaa machozi. Alitamani mambo yaishie hapo. Alitamani sana.

“Askari wa kaunta wanaapa hawakusikia kitu,” Mkaguzi alisema. “Na kaunta iko hapo hapo.”

“Mlango ulikuwa umefungwa, afande.”

“Nani aliufunga?”

Angeweza kusema Sajini. Sajini alikuwa ameshachafuka, doa moja zaidi lisingeonekana, na kila mtu pale uani angeamini. Mama mwenyewe angekuwa wa kwanza kuamini.

“Mimi,” Mpole alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini kama siku zote. “Kwanza ulikuwa wazi. Mama alipoanza kulia, mtu wa kaunta akaita, akauliza kuna nini. Hakuna aliyeniagiza. Niliona aibu, sikutaka watu wasikie, nikausukuma kwa bega mpaka ukafunga. Ndipo Sajini akapiga tena.”

Fundi aliutazama mkono wake pale begani ulipokuwa, akauondoa.