Hisa za Kisima

Maji ya chupa yaliisha kabla ya kufika benchi la nyuma. Kijana aliyekuwa akiyagawa alichungulia ndani ya katoni, akaikunja, akaibana kwapani na kurudi mbele ya ukumbi. Nakeno alimfuata kwa macho. Alikuwa ametoka kijijini Lorugum alfajiri nyuma ya pikapu, amesimama kati ya magunia ya makaa, na vumbi lilikuwa limemgandia midomoni. Alidhani katoni nyingine inakuja.

Kwenye benchi za mbele walikaa wafanyakazi ambao hawakuwa wamelipwa. Nyuma yao walikuwa watu walioidai kampuni: wenye malori, mwenye hoteli, wauza dizeli. Wenye hisa waliwekwa mwisho kabisa, karibu na mlango, wanawake wengi na wazee wachache wenye fimbo. Juu yao mabati ya ukumbi huo wa mjini Lodwar yalikuwa yakilia kwa joto.

Nakeno alikuwa na shida moja tu: lango lifunguliwe. Tangu kampuni ya dhahabu ilipoanguka, mwisho wa mwaka 2012, kisima chake kilikuwa ndani ya ua wa seng'enge, pampu kimya, mnyororo langoni. Mbuzi wake walinyweshwa kwenye visima vya majirani, baada ya mbuzi wa kila mtu, siku ambazo maji yalibaki. Mbuzi wanaonyonyesha walikuwa wameanza kukauka maziwa. Wanambuzi wawili tayari walikuwa wamekufa.

Kisima kilikuwa cha baba yake. Alikichimba kwenye mchanga wa mto mkavu kabla Nakeno hajazaliwa, na kila kiangazi watoto wake walishuka kukizibua, mafuriko yakishakifukia, wakipokezana ndoo kutoka chini hadi juu. Pale mtoni kila kisima kina mwenyewe, na mwenyewe hunywesha kwanza. Hata mgeni aje na kundi la ngamia, atasubiri. Hakuna aliyewahi kulipinga hilo.

Aliyewaleta watu wa kampuni ni Lomunokol, mtoto wa kaka yake. Alikuwa amesoma hadi kidato cha nne, na kampuni ikampa koti lenye mistari inayong'aa na kazi ya kuzungumza na wananchi. Wakati ule kila mtu alikuwa na habari za mafuta yaliyogunduliwa kusini. Hawa walitaka dhahabu, na dhahabu huoshwa kwa maji. Hawakusema wananunua kisima. Lomunokol alichuchumaa mlangoni kwa shangazi yake, akanywa maziwa yake, akamweleza taratibu kwamba atakitoa kisima naye atapewa hisa.

"Shangazi, hutakuwa kibarua wa mtu," alisema. "Utakuwa mwenye kampuni."

Neno hilo halikuhitaji kuelezwa. Nakeno alijua tangu utotoni mwenyewe ni nani. Aliweka kidole gumba kwenye wino, kisha akaenda mwenyewe kuwashawishi wanawake jirani watoe visima vyao. Leo walikuwa wamekaa naye kwenye benchi moja, na hakuna aliyemsemesha.

Msimamizi aliyewekwa na mahakama alikuwa amekuja kwa ndege kutoka Nairobi. Alikuwa mtu mpole, shati jeupe, sauti isiyopanda. Alizungumza Kiingereza, na Lomunokol akasimama kando yake kutafsiri. Msimamizi hakuficha kitu. Kampuni haikuwa na pesa. Mali yake ingeuzwa. Kwanza zingetoka gharama za usimamizi wenyewe, kisha benki, kisha mishahara, kisha waliokopesha.

"Na sisi?" aliuliza mzee mmoja.

"Wenye hisa ni wa mwisho," Lomunokol alitafsiri. "Kama kuna kitakachobaki."

Mzee akauliza kama kitabaki. Swali lilipomfikia, msimamizi alizitazama kucha zake.

Nakeno alisimama. "Mwambie mimi sikumkopesha mtu. Mimi ni mwenyewe. Kwetu mwenye kisima hunywesha kwanza."

Mbele palitokea kicheko kidogo, si cha ubaya. Msimamizi hakucheka. Alisubiri tafsiri iishe, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Mwambie mama ninamwelewa. Lakini kwenye kampuni, mwenyewe ndiye anayebeba hasara. Hiyo ndiyo maana ya kuwa mwenyewe."

Nakeno akauliza kuhusu kisima. Akajibiwa kwamba kisima si chake tena, ni mali ya kampuni. Kitauzwa pamoja na mashine na kibali cha kuchimba, na hadi apatikane mnunuzi, hataingia mtu wala mnyama.

Nje, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, Makur alimpa chupa yake iliyobaki nusu. Makur alikuwa Mdinka, mkimbizi anayeuza dizeli kambini Kakuma, na Nakeno alikiweza Kiswahili chake cha sokoni. Makur alikuwa na furaha ya mtu aliyeumia kidogo kuliko wenzake.

"Hata mimi walitaka kunipa hiyo hisa, mama," alisema. "Nikawaambia mimi mkimbizi, hata mahali ya kuchimba choo sina, hiyo kampuni nitaiweka wapi? Lipa dizeli yangu." Akacheka. "Lakini nisiseme uongo. Kijana yenu ndiye alininong'oneza. Alisema, Makur, usichukue hisa, hii kampuni haifiki mbali. Ni kijana mzuri."

Nakeno alishusha chupa kabla haijafika mdomoni.

Alimkuta Lomunokol kando ya gari la msimamizi.

"Ejok, shangazi," alimsalimu.

"Hisa zako ziko wapi?"

"Mimi nilikuwa wa mshahara."

"Mgeni wa Kakuma ulimwonya."

Lomunokol alitazama kama kuna anayesikiliza. "Makur asingelipwa pesa, angeacha kuleta dizeli, na kazi ingesimama siku hiyo hiyo. Waliniambia nisipowapatia maji, sina kazi. Ningemwendea nani? Watu wengine wangeuliza maswali."

"Na mimi?"

"Wewe ni shangazi yangu," alisema. "Nilijua hutanikatalia."

Kisha akamwambia, kwa sauti ya chini, jambo ambalo hata hivyo angelisikia kwa wengine: msimamizi amemwajiri kulinda mali hadi iuzwe. Asilete mbuzi karibu na ua, alimwomba. Asimweke mahali pagumu.

Nakeno aligeuka, akaondoka. Alirudi Lorugum, akashuka mtoni na binti yake, wakapita ua na kwenda mbali kuelekea kwenye kona ya mto, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuchimba. Walichimba kwa sufuria na kwa mikono. Kuta za mchanga zilibomoka, wakaanza upya. Mchanga ulipokuja mweusi na baridi, binti aliuchota kwa kiganja akajipaka usoni. Mbuzi walikuwa wameshanusa. Walisimama kuzunguka shimo, wakilia.

Gari lilikuja kwenye mto mkavu likiwa na askari wawili na Lomunokol. Eneo la kibali cha kampuni, Lomunokol alieleza bila kumtazama shangazi yake, lilifika hadi kwenye kona.

Askari mmoja alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kutumwa. Aliuliza mlalamikaji ni nani. Akaambiwa ni kampuni.

"Kampuni gani? Mwenyewe ni nani?"

"Ni mimi," Nakeno alisema kwa Kiswahili, kutoka ndani ya shimo. "Mimi ndiye mwenye kampuni."

Askari alimtazama Lomunokol, naye akaitikia kwa kichwa. Ni kweli.

"Basi umejishtaki mwenyewe, mama," askari alisema, akampa mkono kumtoa. "Panda gari."

Binti alianza kupiga kelele, kisha akawageukia mbuzi, kwa sababu walikuwa wameshuka shimoni na hakuwa na fimbo ya kuwafukuzia. Kutoka kwenye kiti cha nyuma Nakeno aliona maji yakijikusanya chini yao, kidogo, ya rangi ya majivu. Lomunokol aliwatoa mbuzi mmoja mmoja kwa pembe, akaanza kufukia. Hakuwa na koleo. Alisukuma mchanga kwa kiatu, na mbuzi wakarudi kila mara, wakapiga magoti, wakalamba ule unyevu kwenye lundo kabla halijaanguka, na ulipoisha wakalamba kiatu chake.