Nilichoomba Mlangoni

Katika timu yetu ya kikapu kila mtu sasa ana mtu wake wa kumlaumu. Irene anamlaumu kocha, kocha anamlaumu mwamuzi, na Mwajuma, aliyeteguka kifundo cha mguu kwenye nusu fainali, anajilaumu mwenyewe kana kwamba kifundo kilimwomba ruhusa. Nawaacha waendelee, ila najua wanapoteza muda wao. Mwenye kosa ni mimi, Zuhura, na nililifanya mbele ya watu wasiopungua mia mbili, huku nacheka.

Chuo chetu cha ualimu hapa Mtwara hakijawahi kuchukua kombe la kufungua msimu. Ni kombe la wiki mbili tu, linachezwa mwezi wa kumi na moja, vyuo vikiwa ndiyo kwanza vimefunguliwa na wachezaji bado wazito kwa ugali wa nyumbani. Mwaka wangu wa kwanza tulitolewa mapema. Mwaka wa pili tulifika nusu fainali, na sekunde za mwisho nikapewa mitupo huru miwili nikakosa yote. Mwaka mzima nikawa naota ule mpira unazunguka kwenye chuma na kutoka. Mwaka huu ulikuwa wa tatu na wa mwisho kwangu. Baada ya hapa napangiwa shule, na ninavyozijua shule zetu za msingi, nitashukuru zikiwa na choo, sembuse goli la kikapu. Kwa hiyo tulipoingia fainali nililitaka lile kombe kwa uroho. Sina neno zuri zaidi la kusema.

Na aliyetufikisha fainali ni Rozalia. Ni mrefu kuliko kocha, ana mikono ya mtu aliyelima tangu utotoni, na mpira ukigonga ubao ukarudi, ni wake, hakuna mjadala. Ni Mmakonde wa Ziwani, mtoto wa pekee wa mama yake. Mimi ni Myao, tena Myao wa Tunduru, na Wayao na Wamakonde ni watani. Tulianza siku ya kwanza bwenini. Mimi nilimuuliza kama panya wake wa chakula cha jioni amemleta mzima au amekaushwa, naye akaniuliza kama mabega yameacha kuuma, maana babu zangu walibebeshwa mizigo ya Waarabu kutoka bara hadi pwani. Tukawa hivyo miaka yote. Asubuhi ananiita mpagazi, mimi namwita mla panya, halafu tunagawana sabuni. Ndugu zangu wa tumbo moja hawajawahi kunijua kama alivyonijua yeye.

Mama yake alifariki Jumanne, siku tatu baada ya nusu fainali. Alikuwa amelazwa kwa wiki moja na sisi wote tulidhani ni malaria ya kawaida. Ujumbe uliingia kwenye kundi letu la simu tukiwa mazoezini, na Kocha Thabiti akausoma, akaweka simu mfukoni, akatuambia tukae chini. Kocha ni mtu wa Mikindani, mpole, anafundisha hisabati na hajui kuficha hesabu zake usoni. Tulikuwa saba. Mwajuma ameteguka, Rozalia amefiwa, tumebaki watano na hakuna wa akiba. Alisema tutakwenda kuzika Alhamisi na mambo ya Jumamosi tumwachie Mungu. Nilimwona tu kwamba ameshakata tamaa.

Alhamisi baba yake mwenzetu Uzma, mwenye duka la vipuri Mikindani, alitupa pikapu yake, tukaenda Ziwani tumesimama nyuma. Njiani nilikuwa najiandaa, kwa sababu msiba wa mtani una kazi yake. Mtani halii na wafiwa. Mtani anakwenda kuwachokoza, kumwigiza marehemu, kuvuruga kilio mpaka watu wacheke, kwa sababu watu wakilia mfululizo siku tatu wanaweza wakamfuata marehemu kaburini. Bibi yangu alikuwa bingwa wa kazi hiyo na alinifundisha.

Niliifanya vizuri, nasema ukweli. Nilijifunga kitenge cha marehemu, nikachukua jembe lake, nikazunguka uani nikichechemea kama alivyokuwa akichechemea mwenyewe, nikiwagombeza wapishi kwamba Wamakonde hata msibani wanapika mboga bila nazi. Kina mama walianza kucheka wakiwa bado wana machozi. Rozalia alikuwa amekaa sakafuni ndani, miguu imenyooka, hajala tangu Jumanne. Niliinama mlangoni nikamwambia, kwa sauti ya mama yake, ainuke akachote maji, mwili wote huo anaufugia nini. Alicheka. Alicheka mpaka akamwegemea shangazi yake, na yule shangazi akaniangalia kwa shukrani ambayo mpaka leo ikinijia natamani kujificha.

Ilipofika saa nane wanaume wakaingia kulibeba jeneza. Hapo watani tukalala mlangoni. Ndiyo desturi: maiti haitoki mpaka wafiwa waikomboe kwa watani, na kinachoombwa ni kitu kidogo cha kuchekesha. Tulikuwa watatu. Bibi mmoja Myao, jirani yao, aliomba jogoo, akaahidiwa, akainuka akijifuta vumbi. Mzee mmoja aliomba kata ya pombe, akapewa palepale. Nikabaki mimi, nimelala kwenye kizingiti, nimekumbatia jembe, na kichwani mwangu ikaja Jumamosi.

Nikasema, "Mimi sitaki kuku. Namtaka Rozalia, Jumamosi saa kumi, uwanjani."

Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika kidogo kidogo. Sikuwa nimeelewa kwa nini. Mjomba wake Rozalia, ambaye kwa Wamakonde ndiye mwenye neno, alichuchumaa karibu yangu akaniambia kwa upole kwamba Jumamosi jioni ndiyo wanaanua matanga, vitu vya marehemu vinagawiwa, na mtoto wa kike wa pekee ndiye anayekabidhiwa nguo na jembe la mama yake mbele ya ukoo. Haiwezekani kusogeza siku, maana ndugu wametoka Newala na ng'ambo ya Ruvuma, korosho zao zinaanguka mashambani bila mtu, na Jumapili alfajiri wote wanaondoka. Akaniomba nichague kingine. Akanipa kuku. Akanipa kuku wawili. Akasema hata mbuzi atatafutwa.

Ningeweza kuinuka. Kila siku najiambia kwamba sikuelewa, kwamba nilidhani bado tunacheza na yeye anapandisha dau kama watani wanavyofanya. Ni uongo nusu. Nilielewa vizuri kwamba mtani akikataa, hana mtu wa kumlazimisha, na kwamba nikiinuka pale na kuku wawili, kombe limekwenda. Nikatikisa kichwa, nikajinyoosha vizuri zaidi kizingitini. Katekista alikuwa amesimama juani na kitabu chake, jeneza liko mikononi mwa wanaume sita, na wanaume wale walianza kutetemeka mikono.

Rozalia alisimama. Alikuja mpaka nyuma ya jeneza, na kwa kuwa ni mrefu, niliuona uso wake juu ya mbao.

"Mpeni anachotaka," alisema. "Mama atoke."

Nikainuka. Nilipiga kigelegele, kama mtani aliyeshinda anavyotakiwa kufanya, na hakuna aliyeniitikia.

Ijumaa asubuhi Rozalia alikuja mazoezini kwa bodaboda, na alifika kabla yetu. Kocha Thabiti alitaka kumrudisha, akamwambia hakuna atakayemlaumu. Rozalia akamjibu kwamba neno limeshatoka nyumbani kwao mbele ya jeneza na yeye amekuja kulitimiza, kwa hiyo amwambie asimame wapi. Kocha aliona haya, na aibu ile ilichanganyika na furaha ambayo hakuweza kuizuia. Akampanga chini ya goli kama kawaida. Tulifanya mazoezi ya kuzuia, kwa kuwa wapinzani wetu kutoka Lindi walikuwa na wasichana wawili wenye mbio. Rozalia alifanya kila alichoambiwa. Akiambiwa kushoto, alikwenda kushoto. Akiambiwa apumzike, alikaa peke yake akiangalia sakafu ya zege.

Nilijaribu. Nilimwambia kwamba leo anakimbia kama panya aliyeponyoka sufuriani. Siku nyingine angenirudishia papo hapo na ukoo wangu wote ungetukanwa. Alinitazama, akasema, "Sawa, Zuhura," akaenda kunywa maji. Miaka mitatu sikuwahi kumsikia akilitamka jina langu. Kuanzia pale sikushika mpira hata mmoja vizuri mpaka kocha akaniuliza kama naumwa.

Usiku ule nilichukua uamuzi wa kurudisha nilichoomba. Sijui kwa nini sikuwaza mapema, labda kwa sababu bado nililitaka kombe. Jumamosi, jua limeshachomoza, nilipanda bodaboda hadi Ziwani nikamkuta mjomba wake uani, anapanga sufuria na vyungu vya marehemu kwenye jamvi. Nikapiga magoti. Nikamwambia nimekuja kukataa malipo yangu, Rozalia abaki nyumbani, na mimi niombe kitu kingine, hata punje moja ya mchele, au nisipewe kitu kabisa.

Hakunikaripia, na ningefurahi kama angenikaripia. Aliendelea kupanga vyungu, kikubwa kwa kikubwa, huku akiniuliza bibi yangu ni nani na alinifundisha nini. Nikamweleza. Akasema bibi yangu alijua kazi, lakini kuna kitu hakumaliza kuniambia.

"Mtani anaomba kitu ambacho mfiwa atakitoa anacheka," alisema. "Wewe umeomba kitu alichokitoa analia. Sasa kimeshatoka. Tukikirudisha, dada yangu atakuwa ametoka nyumbani kwake bila kukombolewa, na mimi siwezi kumfanyia hivyo ardhini alipo."

Nikamuuliza kama naweza kuongea na Rozalia. Akasema ameshaondoka. Kwao siku ya kuanua matanga wafiwa wote hunyolewa pamoja, wakiwa wameshikana mabega, mtoto wa marehemu katikati. Kwa kuwa Rozalia hangekuwepo jioni, shangazi yake alimnyoa alfajiri, peke yake, nyuma ya jiko. Mjomba alinionyesha kwa kidevu mahali penyewe. Nywele zilikuwa zimeshafagiliwa.

Nilirudi mjini nikiwa nimekubali kwamba hakuna la kufanya. Nilifikiria kumwambia kocha kwamba naumwa, nisicheze, lakini hilo lingemfanya Rozalia awe ametolewa nyumbani kwao kwa ajili ya mchezo ambao hata mimi niliyemwomba sichezi. Hata kujificha nilikuwa nimejinyima. Nikavaa jezi.

Alikuwa amekaa kwenye benchi akifunga raba, kichwa kinang'aa, na kilionekana kidogo sana juu ya mabega yale. Wasichana walimzunguka. Shadya alimgusa kichwa kidogo, kama mtu anavyomgusa mtoto mchanga. Mimi nilikaa mwisho wa benchi.

Alicheza dakika zote arobaini. Nasema hili kwa sababu kuna watu wanasema hakujituma, na watu hao hawakuwa na macho. Alidaka kila mpira uliorudi ubaoni, aliruka, alianguka kwenye zege akachubuka kiwiko, akainuka. Ni sisi wengine tuliokuwa wabovu. Mimi zaidi ya wote. Ilipokaribia saa kumi na moja nilianza kuwaza kwamba sasa kule Ziwani jamvi limekunjuliwa, sasa wanaita jina lake na hakuna anayeitika, na kila nikiwaza hivyo mpira ulinipita. Mara nne Rozalia alinipasia nikiwa peke yangu chini ya goli, na mara nne nilikosa. Hakukunja uso. Alirudi kuzuia, kama alivyoambiwa.

Tulifungwa kwa pointi kumi na tisa. Wasichana wa Lindi walishangilia, wakapewa kombe lao. Lilikuwa dogo kuliko nilivyolifikiria, na hilo nalo liliniuma.

Kocha alikuwa akikusanya mipira. Rozalia ndiye aliyesimama. Alipita kwenye mstari wetu, mmoja mmoja, akitupa mkono, akitushukuru kwa kuacha shughuli zetu na kwenda Ziwani siku ya Alhamisi. Alimshukuru Irene, akamshukuru Shadya, akamwambia Uzma amfikishie baba yake shukrani za pikapu. Wote walilia. Nilisimama mwishoni nikisubiri zamu yangu, na niseme ukweli, nilikuwa namwomba Mungu Rozalia anitukane. Mtani hashukuriwi msibani. Mtani anatukanwa, anafukuzwa, anaambiwa mwizi mkubwa umekuja kula wali wetu. Anayeshukuriwa ni mgeni.

Akafika kwangu. Alinipa mkono wake wa kulia, na mkono wa kushoto akaushikiza chini ya kiwiko kilichochubuka, kwa adabu yote, kama unavyomsalimia mama mkwe wa mtu.

"Asante kwa kuja kwenye msiba wetu, Zuhura," alisema. "Mungu akubariki."

Nikasema amina.