Ng'ombe na Kiwanja Walipopimwa Umri

Usiku wa kuamkia leo niliota ng'ombe wa kikundi chetu anabisha hodi. Nikamfungulia. Mgeni hafukuzwi.

“Habari za hapa, Mama Sikudhani,” akasema. “Nasikia mnaniuza.”

Nikaona haya, maana mwenye wazo hilo ni mimi, mweka hazina. Mchana niliwaambia wenzangu kwamba maziwa yake yametuletea robo tu ya bei yake, ilhali kiwanja chetu kimepanda maradufu, basi tumuuze tuongeze kiwanja kingine. Wakanipigia vigelegele. Hakuna aliyeuliza kimepanda kwa muda gani, wala mimi swali hilo halikunijia.

“Twende tukapimwe,” akasema ng'ombe.

Natoka naye, na uani kwangu ni mnadani. Mizani ya vitanga viwili inaning'inia hewani, haikufungwa popote. Ng'ombe anakaa upande mmoja, miguu ameikunja kwa adabu. Upande wa pili kinapanda kiwanja, kinahema, mawe yake ya mipaka kimeyabana kwapani.

“Umri?” inauliza mizani.

“Kwenye kikundi chao nina mwaka mmoja,” anajibu ng'ombe.

“Tisa,” kinanong'ona kiwanja.

Mizani inanigeukia. “Mama, umeshindanisha wa mwaka mmoja na wa miaka tisa? Hapa hatupimi mpaka umri ulingane. Ng'ombe aongezwe minane. Nani anatoa?”

“Toeni kwangu.”

“Yako imeshatumika. Tunataka ambayo haijaguswa.”

Nageuka. Mwanangu Sikudhani, wa darasa la kwanza, amesimama nyuma yangu na gauni la kulalia.

“Mimi ninayo mingi, mama,” anasema, na kabla sijamshika amepanda kitangani kama anapanda bembea.

Mwaka wa kwanza unamtoka. Naona mikono yake inarefuka. Wa pili unaanza kuchungulia, nami napiga mayowe: “Msimwongeze ng'ombe! Faida ya kiwanja igaweni kwa miaka yake tisa, kila mmoja apimwe kwa mwaka mmoja!”

Mizani inasimamisha vitanga vyake.

“Hilo nalo linawezekana,” inasema. “Ungesema mapema.”

Kiwanja kinapaa juu, chepesi, kimeinamisha uso. Upande wa ng'ombe unashuka mpaka chini. Amekishinda mbali.

“Sasa nirudishie mwanangu kama alivyokuwa,” nasema.

“Mtoto mchukue. Mwaka uliokwisha kutoka haurudi.”

Niliamka nimelowa jasho. Nikampapasa Sikudhani gizani, yupo, anakoroma. Nikamshukuru Mungu, nikajicheka, na nikaapa leo hii kwenda kuwaambia wenzangu ng'ombe hauzwi.

Asubuhi alikuwa mlangoni na sare zake, amesimama kwa mguu mmoja.

“Mama, viatu vinanibana.”

Nilivinunua Jumamosi. Nilichagua vikubwa makusudi, ili vimfae mpaka mwakani.