Mabeki Wanne

Kinyozi alikuwa mkali wa mdomo kuliko wembe wake, na mtaa mzima ulilijua hilo. Ukikaa kwenye kiti chake unanyolewa na kusutwa kwa bei ile ile. Lakini tangu amzike mwanawe wa kiume, miezi miwili iliyopita, alinyoa kimya, na wateja nao wakazoea kutazama sakafu.

Jumapili mchana, duka likiwa limefungwa, alimwita binti yake na kumshushia kompyuta ya marehemu kutoka rafuni.

"Nifungulie ule mchezo wa ndugu yako," alisema. "Ule wa ukocha."

Marehemu alikuwa fundi rangi wa majumba, ila mtaani walimwita Kocha. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alikaa kwenye benchi la wateja, kompyuta mapajani, akipanga timu yake ya mchezoni: nani aanze, nani asubiri, mabeki wangapi. Siku zote mabeki watatu. Na siku zote baba yake, mashine mkononi, alimpigia kelele kwamba timu ya mabeki watatu ni nyumba isiyo na mlango.

Asubuhi ile ya mwisho ilikuwa mechi ya kufunga msimu. Sare ingetosha; akifungwa, timu inashuka daraja na kocha anafukuzwa. Hadi mapumziko alikuwa nyuma mbili bila. Kinyozi akaona amepata pa kusemea.

"Si nilikwambia? Weka wanne! Lakini wewe husikii la mtu. Hata huko kwenye rangi sijui kwa nini hawajakufukuza!"

Wateja wakaangua kicheko. Kijana akabonyeza hiki na kile, akafunika kompyuta, akaiweka rafuni, akatoka bila kuaga. Saa sita wakapigiwa simu kwamba ameanguka kutoka kwenye jukwaa la kupakia rangi, ghorofa ya tatu.

"Aliuhifadhi pale pale mapumzikoni," binti alisema sasa, mchezo ulipofunguka. Kisha akasogeza uso karibu na kompyuta.

"Kuna nini?"

"Baba, aliweka wanne."

Kinyozi akavaa miwani. Kweli, mabeki wanne walikuwa wamepangwa mstari mmoja mbele ya kipa, na mshambuliaji mmoja ametolewa. Kitufe cha kuendelea na mechi kilikuwa bado hakijabonyezwa.

Moyo ulimuuma kama umebanwa na mlango. Yeye aliucheza mpira ujanani, anaujua. Mtu aliyefungwa mbili, amebakiwa na kipindi kimoja, haongezi beki. Anashambulia. Asubuhi ile hakuwa akimshauri mtoto, alikuwa akichekesha wateja. Na mtoto alimsikia.

"Rudisha watatu," alisema.

"Lakini yeye alitaka..."

"Mimi ndiye niliyetaka. Rudisha, mwanangu. Na huyo mshambuliaji arudi uwanjani."

Wakacheza, bega kwa bega kwenye benchi. Dakika ya hamsini na nane wakapata moja. Ya sabini na sita wakasawazisha, na kinyozi akajikuta amesimama, mikono juu, anacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kicheko kikageuka kilio kabla hajakaa. Dakika ya tisini mpinzani akapita ubavuni, pale hasa ambapo beki wa nne angekuwepo, akafunga. Tatu kwa mbili.

Barua ikatokea kwenye kioo cha kompyuta: "Ndugu Kocha, klabu inakushukuru kwa kazi yako. Mkataba wako umekatishwa leo."

"Tusihifadhi," binti alisema haraka. "Tukizima hivi hivi, itarudi mapumzikoni. Tutajaribu tena, hata mara mia."

"Itarudi na wale wanne?"

"Na wale wanne. Kama alivyoacha."

Kinyozi aliisoma barua ile tena. Mechi ingerudi kila wakitaka, lakini asubuhi ile ya mwisho hairudi.

"Zima," alisema. "Wala tusijaribu tena. Muache hapo mapumzikoni, asifukuzwe na mtu."

Binti akazima. Kinyozi akaifuta kompyuta vumbi kwa brashi ile ile ya kupangusia nywele shingoni mwa wateja, akairudisha rafuni, pale pale kijana alipoiweka. Kisha akageukia mlangoni, ambapo hapakuwa na mtu.

"Haya, mwanangu," alisema. "Kazi njema."